Upande Huu wa Reli

Mzenga, 10 Februari 1947

Kwa mume wangu Zahoro bin Abdala,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mwanaasha mzima, meno mawili ya mbele yameng'oka na sasa kila akisema neno linatoka na mluzi. Mbuzi wazima. Adamu kaka yangu anakusalimu. Basi, hayo ndiyo ya adabu, sasa tuje kwenye yangu.

Zahoro, nani anakuandikia barua? Usiniambie ni wewe. Mwandiko wako naujua tangu chuoni, tukisoma Kurani kwa marehemu baba. Alikuchapa mbele yangu kwa ile herufi yako ya kaf yenye kibyongo, mimi nikakucheka, na ndiyo siku ulipoanza kunitazama tazama. Kibyongo hakijapona mpaka leo. Lakini barua zako mbili za mwisho zimenyooka kama za karani wa liwali. Mimi si mtoto.

Tena kila ukimaliza kipande cha siku thelathini za kazi huwa unakuja nyumbani. Sasa umemaliza viwili hujatia mguu. Mara nyapara amekuzuia, mara mkonge umeiva kwa pamoja. Tangu lini mkonge ukaiva kwa pamoja?

Na Kondo wa samaki wakavu amepita hapa na baiskeli yake. Nimemuuliza habari zako, akaanza kuhesabu samaki. Nikambana. Akasema amekuona Mlandizi kwenye baraza ya mwanamke, umekaa umeinua uso, na huyo mwanamke anakutia tonge mdomoni. Tonge, Zahoro! Mtu mzima na ndevu zako! Hata siku za fungate yetu sikukulisha, ulikula mwenyewe tena ukamaliza na la kwangu.

Kama umeoa, sema. Dini imekuruhusu, mimi nitalia wiki moja nitanyamaza. Lakini kunifanya mjinga, hapana. Jumatatu ijayo nafunga safari, nakuja kuona kwa macho yangu huyo anayekulisha.

Wasalaam. Ni mimi mkeo,
Mwanahalima binti Mwishehe


Mlandizi, 14 Februari 1947

Kwa Mwanahalima, mama Mwanaasha,

Barua yako imefika na maneno yako yote ya kejeli yamefika.

Anayeniandikia ni Mbaraka, mwenzangu wa kazini. Nina jipu mkononi, siwezi kushika kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Je, hilo nalo ni kosa? Mwanamke uliyeambiwa ni Bi Tatu, mjane, ana umri wa mama yangu, ndiye niliyepanga chumba kwake. Kondo kazi yake ni kunusa samaki, asininuse mimi.

Sasa sikiliza vizuri. Huku usije. Sitaki. Kambi ya mkonge si mahali pa mke wa mtu, na mimi si mwizi wa kuja kukaguliwa. Nakujua kichwa chako, nikikwambia usije ndiyo kwanza unatafuta viatu. Kwa hiyo nasema hapa mbele ya Mbaraka na mbele ya Bi Tatu, na yeye aandike kama ninavyotamka: Mwanahalima binti Mwishehe, ukivuka reli kuja upande huu bila idhini yangu, talaka yako ya tatu imekupata hapo hapo kwenye reli. Zile mbili unazijua. Hii ndiyo ya mwisho.

Nitakuja mwenyewe nikiwa tayari. Mbusu mtoto.

Zahoro bin Abdala

Na mimi mwandishi, Mbaraka, nakusalimu shemeji. Nilimwomba tuiandike kesho hasira zikishuka, amekataa, amenisimamia hapa mpaka nimemaliza. Mimi ni mkono tu. Unisamehe.


Mzenga, 3 Machi 1947

Kwa mume wangu Zahoro,

Sijavuka. Kaa kwa amani.

Nilikuwa nimeshafunga kitambaa cha chakula wakati Kondo alipoleta barua yako. Nilikaa pale mlangoni nikala yale maandazi yote mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa hasira. Tumbo likaniuma mpaka Alhamisi.

Wewe mwanamume ulimi wako utatuua. Ya kwanza ulinipa kwa sababu ya bada ya muhogo iliyoungua, tena iliyoungua kwa sababu ulikuwa unaniita kila dakika uani. Nikarudi kwetu. Siku ya tisa nilikukuta umekaa kwenye kizingiti cha Adamu, umekuja kunirejea na hujui uanzie wapi. Ya pili ulinipa siku ya ngoma ya mwali kwa akina Swaumu, eti nimechelewa. Ukanirejea kabla hata sijafunga mzigo, ukawa unalia wewe badala ya mimi. Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki. Zile mbili zilikuwa za kurudi. Hii haina kurudi, unajua hivyo, baba yangu alikufundisha wewe na mimi kwenye mkeka mmoja.

Na umeichukua hiyo moja iliyobaki, ukaenda kuilaza juu ya reli kama jiwe.

Kama una mke huko, Mungu awape heri. Mimi ni mkeo bado na nataka kubaki mkeo. Kwa hilo tu ndiyo sijavuka. Siogopi kitu kingine chochote cha upande huo.

Mwanaasha anauliza baba anakuja lini. Nimwambie nini?

Mwanahalima


Mlandizi, 28 Aprili 1947

Kwa shemeji yangu Mwanahalima binti Mwishehe,

Asalaam aleikum. Mimi ni Mbaraka. Barua hii naandika peke yangu, Zahoro hajui, na akijua atanilaani. Potelea mbali.

Shemeji, hana mke huku. Hana jipu. Zahoro hana mkono.

Mwezi wa Desemba ile mashine ya kuchuna mkonge ilimvuta mkono wa kulia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hospitali wakamkata juu ya kifundo. Alipotoka tu akatuapisha mimi na Bi Tatu kwamba habari isifike Mzenga. Anasema watu wakimwona hana mkono wa kulia watasema ameiba mahali akakatwa, na nani atazunguka nyumba hadi nyumba kueleza habari za mashine? Anasema atakaaje kwenye sinia la watu akatia mkono wa kushoto? Ule mkono wa kuchambia, shemeji, uniwie radhi. Hata mwenyewe hataki kula nao. Bi Tatu alikuwa akimlisha kama mtoto, na hicho ndicho alichokiona Kondo.

Aliniambia, "Mwanahalima akiniona hivi atanihurumia, na mimi naweza kuvumilia kila kitu isipokuwa hilo." Ndiyo maana aliweka ile talaka njiani. Alitaka kukutisha tu mpaka ajifunze kuufunika, mpaka ajue atakujaje. Alidhani ataweza kuja siku ya Idi.

Sasa kilichonifanya niandike. Masika yalipoanza, kidonda kimefumuka. Mkono umevimba mpaka kwapani. Hospitali hataki kurudi, anasema watamkata mpaka begani. Dresa, yule msaidizi wa daktari, anakuja kumchoma sindano kila siku. Homa imepanda, juzi hakuniita Mbaraka, ameniita mama.

Mimi sikwambii uje. Najua kilichopo kwenye reli, ni mimi niliyekiandika. Lakini nimeona nikinyamaza kisha akafa, sitaweza kukutazama.

Mbaraka


Kwenye reli, Soga, upande wetu
Ijumaa, 2 Mei 1947, asubuhi

Mbaraka,

Karatasi hii anakuletea Kondo kwa baiskeli. Nimefika Soga. Jana nililala njiani kwa shangazi, leo nimetoka alfajiri na mvua. Nimekaa upande wa Mzenga, kwenye rundo la mbao za mataruma ya zamani, na reli iko mbele yangu hapa, hatua nne.

Amesema "bila idhini yangu". Basi idhini na iwepo. Ingia chumbani sasa hivi. Mwambie Mwanahalima yuko relini, mwambie nimejua habari za mkono na sijamhurumia, nimemkasirikia. Mwambie aseme neno moja tu, avuke. Wewe na Bi Tatu mlisikia lile la kwanza, sikieni na hili.

Sitoki hapa mpaka Kondo arudi. Mpe baiskeli yake maji, mpe na yeye, lakini usimcheleweshe.

Mwanahalima


Mlandizi, Ijumaa, kabla ya sala ya adhuhuri

Shemeji,

Nimemwita mara saba. Nimemlilia sikioni, "Zahoro, mpe mkeo idhini, sema avuke, sema ndiyo tu, tikisa kichwa." Anatazama makuti ya paa. Mara mbili amesema, "Mwanahalima, Mwanahalima." Bi Tatu pia amesikia. Kisha akasema mbuzi wafungwe mvua inakuja.

Kama kuita jina ni idhini, mimi sijui. Mimi si mwanachuoni. Nisingependa kukudanganya kwa jambo hili. Dresa anasema hana uhakika kama atafika magharibi.

Mbaraka


Mlandizi, 9 Mei 1947

Kwa kaka yangu Adamu,

Shikamoo kaka. Najua umekasirika. Nimeondoka bila kukuaga, nikamwacha mtoto kwa mkeo, na sasa unasikia habari kwa Kondo.

Nilivuka. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu kwamba nilipitiwa au sikujua. Nilijua. Nilisoma karatasi ya Mbaraka mara mbili na mvua inainyeshea. Kondo akaniambia, "Dada, twende nikurudishe nyumbani." Nikafikiri hivi: nikibaki upande huu nitakuwa mke wa maiti, nikivuka nikamuuguza akapona, nitakuwa si mke wa mtu aliye hai. Nikasema, bora awe hai. Nikajidanganya kidogo pia, kaka, nikasema kama ameniita jina basi ameniruhusu. Nikavua ndala, sijui kwa nini, nikavuka miguu mitupu. Chuma kilikuwa cha baridi.

Siku tatu nimekishika kichwa chake. Kama ilikuwa halali au haramu sikujua, na sikuuliza. Bi Tatu alikuwa akikamua kidonda, mimi nikikiosha na kumtilia uji. Siku ya nne dresa akasema homa imeshuka, mkono hautakatwa tena.

Siku ya tano akafumbua macho akanitambua. Kitu cha kwanza, kaka, akauingiza mkono chini ya shuka. Akaficha! Mimi nimekiosha kile kidonda siku tatu, naye anaficha. Nikamwambia, "Zahoro, acha upuuzi." Akatabasamu. Halafu akakumbuka. Nilimwona anakumbuka, uso ulibadilika wote. Akauliza, "Umepita wapi?" Nikasema, "Kwenye reli. Kwani kuna njia nyingine?" Akageukia ukutani akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka majirani wakaja wakidhani amekufa.

Tangu siku hiyo nalala chumba cha Bi Tatu na simsogelei. Mwalimu Isihaka wa hapa amekuja kutusikiliza. Amesema jambo ni zito, ataandika Bagamoyo kuwauliza wakubwa zake kuhusu lile la kuita jina. Kwa hiyo bado kuna tumaini. Mpaka jibu lije, amesema nirudi nikakae kule nyumbani kwa Zahoro kwa eda, wala nisitoke ovyo.

Njoo unipokee Soga Jumanne. Peke yangu siwezi kuvuka kurudi.

Mdogo wako,
Mwanahalima


Mlandizi, 30 Mei 1947

Kwa Mwanahalima,

Mbaraka anaandika. Nimemwambia asibadilishe neno langu hata moja, awe anaona haya au asione.

Jibu la Bagamoyo limekuja. Mwalimu Isihaka alinisomea, na yeye mwenyewe alikuwa anafuta macho. Wamesema mtu aliyepotewa na akili kwa homa maneno yake hayahesabiwi. Hawezi kuoa wala kuuza, na hawezi kutoa idhini. Kwamba nilikuita ni kweli, lakini nilikuita kama ningeita maji.

Nikamwambia, Mwalimu, naapa kwa Mungu aliyeniumba, sikuwa na nia ya kumwacha. Nilitaka kumtisha asinione. Akaniuliza, "Uliiandika barua kwa mkono wako?" Nikamwonyesha mkono. Akasema, "Ungeiandika mwenyewe kimya kimya bila kutamka, talaka ya maandishi tunaiuliza nia yake, na kwa nia hii unayoniapia, mkeo angekuwa mkeo. Lakini ulitamka. Wazi, kwa ulimi, mbele ya watu wawili. Ulimi ukishatamka wazi hauulizwi nia."

Umesikia, Mwanahalima? Kwa kuwa sikuwa na mkono nilisema kwa mdomo. Ningekuwa na mkono ningeiandika. Lakini ningekuwa na mkono nisingekuwa na haja ya kuandika lolote. Nazunguka hapo hapo mchana kutwa, Bi Tatu anasema nitapata wazimu.

Mbaraka amesema jambo, na nimemruhusu aliandike. Anasema waliosikia ni yeye na Bi Tatu tu. Yuko tayari kusema hakusikia, kwamba sikutamka neno, nilimwachia tu karatasi akaiandika mwenyewe. Bi Tatu amezeeka, atasema hakumbuki. Wewe uchome ile barua. Na kama Mwalimu Isihaka tumeshamwambia, basi tuhame. Morogoro kuna mashamba ya mkonge, wanataka mtu wa kulinda ghala, mkono mmoja unatosha. Nani atatujua huko? Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu, siku zote nimekuwa nikikuamuru. Leo nakuomba.

Zahoro


Mzenga, 12 Juni 1947

Baba Mwanaasha,

Siwezi tena kuanza barua kama nilivyozoea, kwa hiyo nimeanza na jina hili. Hili hakuna fatwa inayolifikia.

Barua yako ilikaa chini ya mto siku kumi. Siku nne kati ya hizo nilikuwa nimeshakubali. Nikwambie ukweli, nilishafungasha mpaka kinu. Nikamwambia Mwanaasha tunakwenda mahali kuna milima. Nikaichukua ile barua ya Februari nikaipeleka jikoni.

Nikashindwa. Si kwa kuogopa watu. Watu wa Morogoro tungewadanganya, wala wasingejali. Lakini mlango ukishafungwa, Zahoro, tungebaki wawili, na wote wawili tunajua. Ningekutilia chakula, ningejua. Ungeniita uani, ningejua. Nikipata mtoto mwingine ningemtazama usoni nijue. Nimelelewa na mwalimu wa chuo, na wewe vilevile. Hatujui kuishi hivyo. Ningeanza kukuchukia, na mpaka sasa sijawahi kukuchukia, hata siku ya yale maandazi.

Mwambie Mbaraka namshukuru. Asiape uongo kwa ajili yetu, ana watoto.

Na usiniletee habari ya kumtafuta mtu wa kunioa usiku mmoja aniache asubuhi ili tuhalalishwe. Nimesikia Adamu amenong'onezwa. Mimi si mbuzi wa kuazimwa. Mtume amelilaani jambo hilo, nawe unajua.

Kuna kitu kimoja nataka nikuulize na sitarudia tena. Ungeniambia tu, Desemba ile, "Mke wangu nimekatika mkono," ulidhani ningefanya nini? Ningelia, ningekutukana kwa kutokuwa mwangalifu, kisha ningekukatia kucha za mkono uliobaki, maana mwenyewe huwezi. Basi. Ndiyo huruma yenyewe uliyoikimbia.

Nimebakisha miezi miwili ya eda. Niko ndani ya nyumba yako, nafagia uwanja wako. Njoo umwone mtoto ukipata nguvu. Mimi nitakaa ndani.

Mwanahalima


Mzenga, 27 Agosti 1947

Kwa ndugu yangu Zahoro bin Abdala,

Asalaam aleikum. Idi tumekula salama. Natumaini mkono umekauka kabisa.

Ndugu yangu, mimi si mwandishi, nitasema kwa kifupi. Eda ya dada imekwisha. Amerudi kwangu na mtoto. Nyumba yako nimeifunga, ufunguo uko kwangu. Baada ya Idi amekuja Twalibu, yule aliyefiwa na mkewe, wa upande wa kisimani, mtu mtulivu, amemposa. Sikumlazimisha dada. Nilimuuliza mara tatu. Mara mbili aliinuka akaenda kufunga mbuzi. Ya tatu akasema, "Sawa, kaka, lakini iwe ndoa ya kweli." Nimekubali. Ijumaa ya tarehe 19 mwezi ujao.

Nimeona usikie kwangu. Ulipokaa kwenye kizingiti changu siku ile, nilikuona mjinga. Leo ningekuona tena pale ningefurahi, lakini sina la kukupa. Mtoto atakuwa anakuja kwako, ni haki yako, hakuna wa kuizuia.

Ndugu yako,
Adamu bin Mwishehe


Mlandizi, 7 Septemba 1947

Mwanahalima,

Hii naandika mimi. Mbaraka yuko kazini. Nimejifunza tangu Julai, kwenye mchanga wa uwanja wa Bi Tatu, halafu kwenye karatasi ya sukari. Mkono wa kushoto. Nilidhani hautaweza, kumbe unaweza, ila unachelewa. Kaf tazama mwenyewe.

Nimeanza na kula nao. Sasa nala nao mbele za watu. Aliyetaka kucheka alicheka siku mbili akachoka. Ndiyo kitu chenyewe nilichokiogopa. Siku mbili!

Twalibu ni mtu mwema. Sina neno juu yake. Nimelitafuta sikulipata.

Jambo langu ni moja. Mwalimu Isihaka alisema la ulimi haliulizwi nia, na la mkono linaulizwa. Basi leo nimefunga mdomo tangu asubuhi, Bi Tatu anadhani naumwa jino. Sijatamka kitu. Naandika kwa mkono wangu, na nia ninayo, neno hili moja ambalo sasa halifai kitu na siombi lijibiwe:

Mke wangu.

Zahoro


Mzenga, 11 Septemba 1947

Baba Mwanaasha,

Barua yako nimeipata. Kaf ina kibyongo vilevile, safari hii kimegeukia upande mwingine. Nilicheka, nikaingia ndani, nikakaa huko mpaka mke wa Adamu akaja kunigongea.

Umeandika bila kutamka. Na mimi nimesoma bila kutamka. Lile neno nimelisoma. Sitalijibu, na barua hii ni ya mwisho, kuanzia wiki ijayo si vizuri tena. Yako nimempa Mwanaasha aitunze, nimemwambia baba yake ameandika kwa mkono wa kushoto. Anapita juu ya herufi zako kwa kidole, na yeye anaanza chuo mwezi ujao.

Jumamosi hii nitamleta. Kondo atampokea Soga ampandishe kwenye baiskeli mpaka kwako. Ana gauni jipya, usikubali lichafuke siku ya kwanza. Akikataa uji, mwache, njaa itamrudisha.

Nitamfikisha mpaka relini. Sasa hakuna kinachonizuia kuvuka, ile talaka ilishakwisha kazi yake, naweza kupita pale mara kumi kwa siku kama punda. Lakini nitasimama upande huu mpaka baiskeli ipotee.

Nimeshamwambia kwamba baba anakula kwa mkono wa kushoto, asishangae, asicheke, na akiulizwa na watoto wenzake aseme ni mashine. Akaniuliza kama na yeye ale kwa kushoto ili ufurahi. Nikamwambia hapana, wewe kula kama kawaida, ila usimwache ale peke yake.

Kaeni sinia moja.

Mwanahalima binti Mwishehe